Seli Zangu Zilizokwenda Polepole

Jumatatu, 3 Machi

Leo saa nne na robo asubuhi nimepoteza usimamizi wa maabara. Miaka kumi na moja nimeushika. Nilianza kwa kuosha chupa. Cheti sina, mikono ninayo. Profesa amesema cheo kiko wazi mpaka Ijumaa, kitakwenda kwa mtu ambaye seli zake zitatengeneza kwa wingi zaidi ile protini inayong'aa kijani. Tumebaki wawili: mimi na shemeji, mdogo wake mke wangu. Nilimleta mwenyewe. Nikamfundisha hata kuvaa glavu. Ana digrii. Nimekwenda stoo kuhesabu chupa zote upya.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata njia. Ndani ya seli jeni hunakiliwa kwanza. Nakala hiyo, RNA mjumbe, hupelekwa kwenye ribosomu, na ribosomu huisoma na kuunda protini. Sasa, mwandishi anayekimbia huandika ovyo. Haraka haraka haina baraka. Kabatini kwa Profesa kuna dawa ya kupunguza kasi ya kunakili. Ufunguo hukaa mfukoni mwa koti lake jeupe, na koti hilo hufuliwa na nani? Saa tano: matone mawili kila kisahani cha seli zangu, visahani ishirini na vinne. Shemeji akapita, akauliza mbona natabasamu peke yangu, au nimeshapandishwa cheo na wenzangu hawajaambiwa. Nikamwambia aangalie vya kwake.

Jumatano, 5 Machi

Siamini. Mashine ya kupima mng'ao imesoma: shemeji 9,200, mimi 2,850. Nimeizima, nikaiwasha. 2,850. Asilimia thelathini na moja! Nikahesabu nakala, nikidhani zimeharibika. Zipo: themanini na nane kwa kila mia za shemeji. Zipo, ila hazisomwi. Nyumbani mke wangu kanipakulia bila kuniangalia, akasema mdogo wake kapiga simu, na kwamba mtu mzima hashindani na mtoto aliyemlea.

Alhamisi, 6 Machi

Profesa kaviona visahani vyangu. Nikajua nafukuzwa. Badala yake kaagiza nakala zipimwe alama za kikemikali, vile vikundi vya methili vinavyobandikwa kwenye RNA wakati inanakiliwa. Zangu zina alama mara tatu ya zile za shemeji. Profesa akatafuta kiti. Akasema kumbe mnakili akienda polepole, wabandikaji, yaani vimeng'enya vinavyoweka alama hizo, wanapata muda wa kubandika zaidi, na nakala iliyojaa alama ribosomu inaisoma kwa shida. Yaani mwendo wa kuandika huku unaamua usomaji kule. Akauliza nani kaweka nini humo. Nikasema labda ni joto la kabati la kutunzia seli. Akanitazama sana. Kisha akampa shemeji nusu ya visahani vyangu, awazuie wabandikaji tuone.

Ijumaa, 7 Machi

Visahani vilivyozuiwa alama vimerudi kung'aa: 7,600. Cheo kapewa shemeji, na ugunduzi utaandikwa kwa jina lake. Ugunduzi wangu, kwa dawa yangu! Nimemwandikia Profesa barua, nakala kwa mkurugenzi: dawa gani, matone mangapi, saa ngapi, ufunguo niliutoa mfuko upi. Nikatia sahihi. Nimeeleza pia kwamba asubuhi hii nimetia matone manne katika visahani vyote arobaini na vinane vya shemeji, maana kosa la Jumanne lilikuwa kutokwenda polepole vya kutosha.

Shemeji kaisoma barua, kanishika mkono. Akasema shemeji, nakuomba, haya si madai, haya ni maungamo. Ichane, nami nitamwambia Profesa tuandikwe wote wawili. Wote wawili. Nimefanya kazi mimi, tuandikwe wote wawili. Wivu haujifichi.

Nimeipeleka mwenyewe, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Sentensi ya mwisho nimeipigia mstari: aliyefanya haya yote ni mimi, au si mimi? Nataka jibu la ndiyo au hapana, kwa maandishi, Jumatatu kabla ya saa sita mchana.