Kufomati Diski ya Mkamwana wa Mzee Reubeni

Jumatatu, 2 Agosti 2004
Leo Kyela mjini wamejua fundi ni nani! Amekuja dukani kwangu, penye kompyuta na picha za pasipoti, Kisa, mwimbaji wa kwaya kule Ikolo. Baba mkwe wake, Mzee Reubeni, Jumapili anahamia Karonga, ng'ambo ya mpaka, kwa mwanawe mwingine, na huenda asirudi tena. Kisa alipougua mwaka mzima, mzee huyo ndiye aliyemlea mtoto wake. Hajawahi kumwambia ndaga, asante ya kwetu. Atamwambiaje? Kwa mila yetu mkamwana haonani na baba mkwe, wala hamtaji jina, na Mzee Reubeni hafanyi mchezo na mila. Basi Kisa ametunga wimbo. Anataka niurekodi kwenye CD, mzee ausikilize kwenye deki yake mpya. Nusura nilie. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Jumanne, 3 Agosti
Tumerekodi. Kisa ana sauti, jamani! Nikatumbukiza CD ya kufutika, ile unayoandika na kufuta mara elfu. Kompyuta ikauliza niifomati kwa mfumo gani, ISO au UDF. Nikakuna kidevu kama mtu anayejua.

Ezra, mpinzani wangu wa fotokopi ng'ambo ya barabara, alikuwa amesimama mlangoni kwangu. Hana kazi yule! Akasema nichague ISO, nikimaliza niifunge diski, deki itaisoma. Akasema UDF ni tamu, unaburuta mafaili kama kwenye flopi, ila inasomeka kwenye kompyuta yenye programu yake tu.

Nilikuwa nichague ISO. Kweli tena. Lakini nimtii Ezra? Nimechagua UDF. Kufomati tu, saa nzima! Nikauburuta wimbo ndani, kisha nikaufuta kwenye kompyuta, maana imejaa na mchezo wangu wa karata unakwamakwama.

Alhamisi, 5 Agosti
Kisa amerudi na diski mkononi, macho mekundu. Mumewe ameiweka kwenye deki ya mzee, imezunguka weee, ikaandika hakuna diski. Nikasema deki ni mbovu. Akasema jana yake ilipiga mahubiri mpaka majirani wakatubu.

Nikapata wazo! Mzee aje Jumamosi asikilize hapahapa kwenye kompyuta. Kisa akae nyuma ya pazia la picha za pasipoti, ausikie wimbo wake ukimfikia mzee. Mila iko palepale. Nina akili mimi!

Ijumaa, 6 Agosti
Laiti ningelala. Nimewaza: kwa nini nisiifomati diski kwa ISO kimyakimya, mzee aondoke nayo Karonga, na Ezra asijue? Kompyuta ikaonya kwamba vyote vilivyomo vitafutika, je, nakubali? Mimi si mtu wa kubishana na mashine. Nikakubali.

Sasa diski ni ISO safi kabisa. Haina kitu. Kisa sijamwambia. Naogopa.

Jumamosi, 7 Agosti
Mzee amekuja na koti lake la kanisani. Kisa alishajificha nyuma ya pazia. Ezra yuko mlangoni, atakosaje! Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Mzee akauliza kama mashine imelala. Nikasema inapata moto kwanza, nikakimbilia nyuma ya pazia eti kushika waya, nikamnong'oneza Kisa ukweli. Amenifinya mkono, mpaka sasa umevimba.

Kisha akafumba macho akaimba mwenyewe.

Ndaga, tata, asante baba. Mwanangu alilala, ulikesha wewe. Mzee alivua kofia. Alilia bila kujificha, nami nikalia na waya mkononi. Wimbo ulipokwisha akaiambia kompyuta kwamba amesikia, na kwamba mtoto ni wake pia, hakuna haja ya shukrani. Nyuma ya pazia Kisa alikuwa ameziba mdomo kwa kanga.

Wakati wa kutoka, alipofika usawa wa pazia, mzee aligeuzia uso wake ukutani mpaka akalipita. Sijui kwa nini. Labda vumbi.

Jumapili, 8 Agosti
Mzee amevuka mpaka. Kisa amenipita njiani bila salamu. Ezra anacheka tangu jana, wivu tu huo! Mteja mwenyewe alitoa machozi, sasa nani fundi? Nimeandika kibao kipya na nimekipigilia juu ya mlango:

TUNAREKODI KWA ISO NA UDF. SAUTI SAFI KAMA MTU YUKO NYUMA YA PAZIA.