Wastaafu wa Mama Uyoga

Kila mtu mjini ana kitu anachokitupa, na Kinanda alikuwa na kipaji cha kukiona kitu hicho kikiwa bado hewani.

Asubuhi hiyo alikuwa amejibanza nyuma ya ukuta wa matofali akimkwepa mwenye nyumba wake, aliyekuwa akipita barabarani na tumbo mbele kama mtu anayesukuma toroli. Ghafla mfuko mweupe, mnene kama mto wa kulalia, uliruka juu ya ukuta wa pili na kuangukia kwenye lundo la mifuko mingine. Ukafuata mwingine. Kila mmoja ulikuwa na stika safi: mchoro wa uyoga unaotabasamu, na chini yake maneno "Uyoga wa Mama Uyoga".

Kinanda akavua kofia, kama mtu aliyeingia mahali pa ibada.

Jina lake hilo alipewa mtaani kwa sababu ukimgusa tu anatoa muziki. Aliwahi kumkodisha fundi viatu kivuli cha jengo la benki, na fundi alimshukuru. Sasa akilitazama lile lundo, hakuona takataka. Aliona mifuko yenye jina linaloaminika mji mzima, na haina mwenyewe.

Alikosea kidogo tu. Mwenyewe alikuwepo.

Upande wa pili wa ukuta, ndani ya banda refu lenye unyevu na harufu ya majani mabichi, familia ya watu watatu ilikuwa na msiba wake. Mama Uyoga ndiye aliyekuwa mkuu wa kila kitu. Mumewe, ambaye kila mtu alimwita Baba, alikuwa mpole kiasi kwamba alizungumza na uyoga zaidi kuliko alivyozungumza na watu, tena kwa kunong'ona. Binti yao alichora stika na kupeleka mzigo hotelini kwa baiskeli. Walilima uyoga wa waridi, wa manjano kama kiini cha yai, na wa kijivu wenye mikunjo kama kanga iliyolaliwa. Uyoga ambao mpishi huutazama kwanza ndipo aupike.

Hoteli ilikuwa imeagiza mzigo mkubwa kuliko wote kwa ajili ya sherehe ya Jumamosi ya wiki iliyofuata. Na inzi wadogo walikuwa wamevamia banda na kuharibu nusu ya zao.

"Tukikosa safari hii," Binti alisema, "mpishi ataanza kuagiza wa makopo. Na akishazoea, ndiyo basi. Tufunge banda."

"Usilitaje kopo mbele yao," Baba akanong'ona, akiitazama kwa huruma mifuko iliyoning'inia.

"Na wale wastaafu?" Binti akauliza.

Wastaafu ni jina waliloipa mifuko iliyochoka. Mfuko uliojazwa majani makavu na mbegu ya uyoga huzaa mkupuo wa kwanza kwa fujo, wa pili kwa heshima, wa tatu kwa manung'uniko, kisha hutupwa nje kupisha mifuko mipya.

"Wastaafu bado wana nguvu kidogo," Mama akasema. "Lakini wanataka kuamshwa, watundikwe, wanyunyiziwe maji asubuhi na jioni. Mahali hatuna, mikono hatuna. Tungepata mji mzima wa kutulelea, ningesema sawa."

Hapo ndipo mlango ulipogongwa.

"Shikamoo, Mama," alisema Kinanda, kofia kifuani. "Mimi ni mtu wa maua. Nina bustani kubwa. Nimesikia mabaki yenu ni mbolea ya ajabu."

"Marahaba." Mama alimtazama kuanzia kofia hadi viatu. Viatu viling'aa kama kioo cha kuchania nywele. Bustani gani hiyo isiyo na udongo? "Unataka mifuko mingapi?"

"Yote. Wala msijisumbue kubandua stika. Maua yangu yanapenda picha."

Binti alikohoa kikohozi kisichokuwa cha ugonjwa. Mama akaomba radhi, akawavuta wenzake nyuma ya pazia la nailoni.

"Mama, huyu tapeli!" Binti alisema kwa sauti ya chini. "Anakwenda kuuza mifuko iliyochoka kwa jina letu! Nipige simu polisi?"

"Uwaambie nini? Kuna mtu hapa anapenda mbolea?" Mama akatafakari. "Tukimnyima ataruka ukuta aichukue hivyo hivyo, mikavu, jina letu likiwa juu. Bora aichukue mbele ya macho yetu."

Kisha akatabasamu. Binti alilijua tabasamu lile. Mara ya mwisho lilipotokea, muuza majani makavu alijikuta anashusha lori zima peke yake huku akisema asante.

"Chukua, mwanangu," Mama alimwambia Kinanda. "Bure kabisa. Ila nina sharti moja. Wastaafu wangu hawatoki hapa wachafu, nitaonekana vipi? Kila mfuko uulaze kwenye tangi la maji baridi, uukandamize kwa mawe hadi kesho. Ukiutoa, uugonge chini makalio, puu, vumbi litoke. Halafu uuchane mbavuni kwa kisu, maji yasituame."

Baba alifungua mdomo kusema jambo. Mama akamkanyaga mguu, kwa upendo.

Kinanda alijisemea kwamba usafi wa namna hii ni ugonjwa, lakini bure ni bure. Akavua koti. Alizamisha, akakandamiza, na kesho yake akagonga mifuko chini hadi mgongo ukalia. Binti alimletea maji ya kunywa, akamwonyesha mahali ambapo hajagonga vizuri.

"Puu zaidi, kaka. Huo bado haujasikia."

Hivyo ndivyo Kinanda, ambaye alikuwa hajawahi kufanya kazi ya mkono tangu azaliwe, alivyofanya kazi ya watu watano bila kulipwa, akiamini anaiba.

Siku iliyofuata alisimama kwenye uwanja wa soko na kipaza sauti. Mifuko ilipangwa nyuma yake, safi, stika zikitabasamu.

"Ndugu zangu! Shamba ndani ya chumba! Huhitaji ekari, huhitaji jembe, unahitaji kona yenye kivuli! Nyunyizia maji asubuhi, nyunyizia jioni, na..." Hapa alikumbuka jinsi Baba alivyokuwa akinong'ona bandani. "Na uimbie! Uyoga una moyo. Usipoimbiwa unasusa!"

"Na mazao nitamuuzia nani?" aliuliza mwalimu mkuu mstaafu, mtu asiyeamini hata saa ya ukutani.

"Mimi!" Kinanda alipiga kifua. "Uyoga wowote utakaoota, nitaununua mwenyewe, mara mbili ya bei ya sokoni! Chukueni simu zenu mnirekodi, mimi siogopi!"

Wakamrekodi. Simu ziliinuka juu kama kwenye harusi.

"Na usipoota?"

"Basi, mwalimu, hukuimba kwa moyo."

Tusimame kidogo tuustahi ufundi huu. Mfuko usipoota, kosa ni la mnunuzi. Ukiota... lakini ungeotaje? Mtu anaweza kuahidi mwezi na nyota kama ana hakika havitatua mlangoni kwake. Kinanda aliahidi kwa moyo mweupe kabisa, ule anaokuwa nao mtu anayesema uongo anaoamini hautamgharimu.

Mifuko iliisha kabla ya adhuhuri. Mshonaji wa kike alichukua kadhaa akaitundika chini ya meza ya cherehani. Mwalimu mkuu alichukua michache, akaiweka sebuleni na kuipa zamu za kunyunyiziwa. Lakini aliyewapita wote kwa tamaa alikuwa mwenye nyumba wa Kinanda, aliyesahau hata kudai kodi yake. Alijaza bafu la wapangaji kwa mifuko, akajifungia ndani, akakaa humo na ndoo ya maji akiimba kwa sauti nzito iliyotikisa mabati.

"Mzee, tutaoga wapi?" mpangaji aliuliza nje ya mlango.

"Shh! Wanasikiliza!"

Mtaa mzima ukawa kwaya. Ukipita asubuhi unasikia nyimbo za harusi kwenye jiko la huyu na nyimbo za kubembeleza mtoto kwenye stoo ya yule. Watu waliokuwa hawasalimiani walianza kuulizana, "Wako umeuimbia nini leo?"

Mtu mwenye akili angeondoka mjini jioni ileile. Kinanda alikuwa nazo, ila mwenye nyumba alimshika mkono. "Nataka mingine. Nitavunja ukuta wa stoo nipate nafasi." Na Kinanda, mfuko wa suruali umevimba, akaamua kubaki hadi lundo jipya la wastaafu lipatikane. Wiki moja tu, alijiambia. Nani anayeikimbia pesa inayomfuata kwa miguu yake?

Alhamisi asubuhi mshonaji alipiga ukelele.

Majirani walikimbilia kwake wakidhani ni nyoka. Chini ya cherehani, mifuko yote ilikuwa imepasuka waridi. Uyoga umejaa tabaka juu ya tabaka, kama gauni la bibi harusi aliyelishona mwenyewe. Kabla hawajamaliza kushangaa, mwalimu mkuu alitokea barabarani na pajama, mikononi ana shada la manjano.

"Umeota!" alilia mtu asiyeamini hata saa. "Jamani, umeota, na mimi sauti yangu mbaya!"

Kwa mwenye nyumba, mlango wa bafu haukufunguka hadi waliposukuma wawili, kwa jinsi ulivyobanwa na uyoga kutoka ndani.

Kinanda alikuwa sokoni akinyoosha kofia alipoona umati unakuja na mabeseni, ndoo, mikoba, na nyuma kabisa toroli lililosukumwa na tumbo la mwenye nyumba. Kwanza alidhani wamekuja kumpiga. Akachungulia kichochoro. Lakini walikuwa wanacheka, na hilo lilimtisha zaidi.

"Huyu hapa mkombozi wetu!" mshonaji alisema, akimtwisha beseni. "Haya, kaka. Mara mbili ya bei ya sokoni."

"Mimi? Mimi nilisema..."

Simu zikainuka. Kutoka kila simu, moja ikiitangulia nyingine, sauti yake mwenyewe ilirudi kama kwaya isiyofuata kiongozi: "Nitaununua mwenyewe... mwenyewe... mara mbili... mimi siogopi... siogopi!"

Akalipa. Alilipa kwa tabasamu, kwa sababu tabasamu ndicho chombo pekee cha kazi alichobakiwa nacho. Kila noti aliyoingiza ilitoka, na zilipokwisha ikatoka saa ya mkononi. Toroli la mwenye nyumba lilipofika mbele, likatoka koti, vikafuata vile viatu vinavyong'aa.

Sasa alikuwa peku, mmiliki halali wa mlima wa uyoga, na jua linapanda. Uyoga hauna subira na jua. Hadi jioni ungekuwa umelegea wote. Mjini mle alimjua mtu mmoja tu anayenunua uyoga kwa wingi.

Mama Uyoga alikuwa amesimama mlangoni na mizani. Kreti tupu, zilizooshwa, zilipangwa ukutani. Binti alikuwa amekwishafunga tela nyuma ya baiskeli.

"Karibu, mtu wa maua," Mama alisema. "Bustani inaendeleaje?"

"Mama, nunua. Tafadhali. Bei yoyote."

"Leo uyoga umejaa mji mzima, mwanangu, bei imeanguka sana. Na huu umeshinda juani." Aliuchagua kwa vidole vyepesi. Ulikuwa mzuri ajabu. "Nitakupa nauli, na chakula cha mchana. Na ndara za Baba, usiungue nyayo."

Kinanda alizitazama kreti, tela, lile tangi la maji baridi pembeni. Alikumbuka mawe, kisu, na puu, puu, puu: hakuwa akiwasafisha wastaafu, alikuwa akiwaamsha. Alikaa chini taratibu kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Mama. Ulijua."

"Nilijua nini? Mimi niliomba usafi tu."

Kinanda akaanza kucheka. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka hadi akashika ukuta, na Baba, ambaye hakuwa amecheka tangu inzi waingie, naye akaanza, kwa kunong'ona. Walikula pamoja mezani, uyoga wa waridi uliokaangwa kwa kitunguu, halafu Binti akapiga kengele ya baiskeli na kuondoka na mzigo. Mpishi wa hoteli aliutazama kwa muda mrefu, akaagiza tena.

Jioni, Kinanda akielekea stendi na ndara zilizompwaya, Binti alimkimbilia na mfuko mmoja, umeloweshwa, umegongwa, stika inatabasamu.

"Wa njiani," alisema. "Usisahau kuuimbia."

"Ule ulikuwa uongo, mdogo wangu. Niliutunga mwenyewe."

"Najua. Imba tu."

Katika mji mwingine, ndani ya chumba cha kupanga chenye dirisha dogo, Kinanda aliutundika mfuko kwenye msumari. Asubuhi na jioni aliunyunyizia maji. Alichungulia nje kuona kama kuna mtu, akafunga pazia, akaimba. Alianza kwa aibu. Baada ya siku chache mpangaji wa chumba cha pili alikuwa anaitikia kiitikio bila kujua ni wimbo wa nini.

Asubuhi moja vichwa vidogo vya waridi vilichungulia mbavuni mwa mfuko, vidogo kama vya njiti za kiberiti. Kinanda alitoka mbio kifua wazi, akagonga mlango wa jirani.

"Njoo! Njoo uone!"

Jirani alikuja akifikicha macho. Akainama, akatazama, akazunguka mfuko mara mbili. Macho yake yakaanza kumeta kwa namna ambayo Kinanda aliifahamu vizuri kuliko mtu yeyote duniani.

"Bwana wee. Bei gani huu?"

Kinanda alifungua mdomo. Maneno yote yalikuwepo, yamejipanga, kinanda kizima kikisubiri kuguswa.

"Hauuzwi," akasema. "Wewe imba."