Breki za Shemeji

Jumatano, 4 Juni
Shemeji, kaka wa mke wangu, kapita na baiskeli yake ya milimani. Breki ya mbele imelegea. Ukiibonyeza, mkono wa breki unagusa usukani. Alikuwa anaipeleka kwa fundi. Nikamzuia! Jumamosi anashindana kushuka mlima na wakwe wote watakuwepo. Wamjue aliyeitengeneza. Mama mkwe bado ananiita Bwana Bawaba, tangu mlango niliomtengenezea umwangukie. Mke kauliza breki za mafuta nilijifunza lini. Nikamwambia ni akili tu.

Alhamisi, 5 Juni
Nimefungua kile chuma kinachobana diski ya gurudumu. Ndani mna pistoni mbili na mipira ya kuzuia mafuta. Ya kwanza nimeitoa kwa upepo wa pampu. Imechomoka kama risasi, kioo cha kabati vipande. Ya pili nimeing'oa kwa koleo. Imechubuka kidogo tu. Breki ya nyuma ilikuwa nzima, nikaifungua pia, zifanane. Nimejaza mafuta ya breki za gari la jirani, nikatoa hewa kwa sindano. Ngumu kama jiwe! Shemeji kaichukua jioni, kanikumbatia.

Ijumaa, 6 Juni
Nikifagia, nimeokota karatasi iliyobanduka kwenye breki. Inasema mafuta ya madini tu, ya gari marufuku. Jirani anasema mipira itavimba, mafuta yatavuja, na kwenye mteremko ndiyo basi tena. Nimempigia shemeji nimwambie. Akapokea. Nikamtakia usingizi mwema, nikakata.
Mke kanibana mpaka nikasema yote. Hakupandisha sauti.
"Kaka yangu akipatwa na jambo, usirudi hapa."

Jumamosi, 7 Juni
Nilimkuta shemeji kileleni, kofia ngumu kichwani. Nikaomba niizungushe baiskeli kidogo, nia yangu niiangushe kichakani iharibike kwa heshima. Nilisahau kwamba kileleni kila upande ni mteremko. Nikabonyeza mbele: hamna kitu. Nyuma: hamna kitu. Mafuta yananitiririka vidoleni, mawe yanapita kama yanarushwa. Nililia mama! Mama mkwe, pale chini, akadhani namwita yeye, akanipungia mkono. Kisha miiba. Kisha bega.
Shemeji alishuka mbio. Akaitazama diski inayong'aa mafuta, akaelewa.
"Si ungeniambia tu, shemeji."
Nilikuwa namwona yeye pale kwenye miiba, badala yangu.

Jumapili, 8 Juni
Bega limefungwa. Wakwe wamekuja kunipa pole. Katika mazungumzo, baba mkwe kalalamika kwamba gari lake siku hizi linachelewa kusimama. Wote wakanitazama. Nikatazama dari. Mke alipokwenda kuchemsha chai, nikamnong'oneza mzee asihangaike na gereji, aniletee Jumatano. Gari ni rahisi zaidi: lina magurudumu manne. Mawili yakigoma, si mawili yapo?