Injinia Anunua Kabati la Mafaili

Redio alisoma habari kwenye simu yake kwa sauti ya mtu anayetangaza vita.

"Sikilizeni nyote! Ile ofisi kubwa ya mjini imeacha makaratasi. Kuanzia sasa kila kitu ni kompyuta. Makabati yote ya mafaili yamepigwa mnada!"

"Haiwezekani," akasema Mama Kahawa, birika mkononi. "Wakiacha makaratasi, watasema nini kimepotea?"

"Watasema mtandao haupo."

Tukacheka. Kijiwe chetu ni benchi moja refu mbele ya gereji ya Injinia, na mimi kinyozi kibanda changu kipo ubavuni, kwa hiyo kila upuuzi unaosemwa hapo unanifikia bila kuutafuta. Redio anaitwa hivyo kwa sababu hazimwi. Injinia ndiye fundi magari wetu, na chuo cha uinjinia amewahi kukiona kwa nje alipokwenda kuvuta gari la mhadhiri. Siku hiyo alikuwa na furaha isiyo ya kawaida.

"Mnasoma habari za jana," akasema, akanyoosha kidole nyuma yake. "Mimi habari hiyo ninayo ndani."

Tukageuka. Katikati ya gereji, kati ya matairi chakavu na injini iliyofunuliwa tumbo, limesimama kabati la mafaili. La chuma, rangi ya kijivu, droo nne, linanifika kifuani.

"Umenunua kabati la ofisi?" Redio akaruka. "Utafungua kesi au gereji?"

"La kuwekea vifaa. Nimechoka. Spana zinalala chini kwenye gunia, anayepita anaazima, anayeazima anahama mtaa. Sasa kila kitu kina droo yake. Mzee Masjala amenipangia mwenyewe."

Mzee Masjala akakohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayesubiri kupigiwa makofi. Maisha yake yote ya kazi ameyamaliza masjala, akitunza mafaili. Amestaafu, lakini koti la ofisini halijastaafu, na kalamu mbili bado ziko mfukoni.

"Gereji haikuwa na utaratibu," akasema. "Nimeweka utaratibu."

"Tueleze, mzee," nikamchokoza.

"Droo ya juu kabisa ni ya vyuma vizito. Jiliwa, minyororo, mtaimbo."

"Vizito juu?" Mama Kahawa akauliza. "Hata mimi kwenye kapu langu naweka birika chini."

"Mama, hili si kapu. Vizito ni wakubwa. Umewahi kuona wakubwa wakikaa ghorofa ya chini?"

Redio akajipiga paja. Mzee Masjala akaendelea bila kutabasamu. "Droo ya pili, vifaa vinavyotumika. Ya tatu, vifaa vya siri. Ya nne, mengineyo."

"Ngoja kwanza. Kifaa gani cha gereji ni cha siri?"

"Nyundo."

"Nyundo ni siri?"

"Kila mtu akijua nyundo ilipo, kila mtu atagonga."

Injinia akatikisa kichwa kwa heshima, kama ameelezwa jambo zito la dini. Nikamwangalia, nikaona jamaa ameshaambukizwa. Juma lile lile alikuwa ameanza kuwaambia wateja, "Andika shida yako, utaitwa." Mteja ana pancha!

Mtu mmoja tu hakucheka. Mapema, dereva wa teksi, alikuwa amesimama pembeni akitembeza macho kati ya saa na gari lake. Tulimpa jina la Mapema kwa sababu hajawahi kuwahi popote. Gari lilikuwa limeinuliwa kwa jeki, tairi la mbele limetolewa, breki ziko wazi.

"Injinia, ndugu yangu," akasema, "kahawa utakunywa baadaye. Funga hizo pedi niondoke. Mama mkwe anatoka hospitali leo."

"Anaumwa nini?"

"Amefanyiwa operesheni ya jicho. Saa hizi ameshavaa, amekaa kwenye benchi ananisubiri."

"Apande gari jingine," Redio akashauri.

Mapema akamgeukia. "Wewe humjui yule mama. Tangu nimuoe binti yake hajawahi kuniomba kitu. Akija kwangu anakuja na maji yake ya kunywa. Jana amemwambia mke wangu, 'Mwambie huyo bwana wako anifuate.' Huyo bwana wako! Jina langu hataki hata kulishika mdomoni. Lakini ameniomba mimi. Nikishindwa leo, mke wangu ataambiwa 'nilikwambia' mpaka tuzeeke wote wawili."

Hata mimi nilimwonea huruma, na mimi huruma huwa naifungia kibandani.

Injinia akaweka kikombe, akaenda kwenye kabati, akavuta droo ya pili. Droo haikuja. Akavuta kwa mikono miwili. Akavuta ya tatu, ya nne. Hakuna.

"Mzee, limekwama?"

"Halijakwama," akajibu Mzee Masjala, akipuliza kahawa yake. "Nimelifunga."

"Umelifunga?"

"Tulikuwa tunatoka kwenda kunywa kahawa. Mtu hatoki masjala akaacha kabati wazi." Akaonyesha kitufe cha kufuli pale juu pembeni, kimezama ndani sawasawa. "Nimebonyeza na kidole gumba. Mkono wenyewe unakwenda."

"Tumetoka hatua tano, mzee! Benchi liko mlangoni!"

"Hata ingekuwa hatua moja."

"Sawa. Ufunguo?"

Hapo mzee akawa mpole kidogo. "Ufunguo wake ulipewa mnadani?"

"Mimi nilipewa kabati."

"Basi ufunguo umebaki ofisini."

Mapema akashika kichwa. Injinia akasema hakuna shida, yeye ni fundi, kufuli la ofisini haliwezi kumsumbua fundi. "Nipeni bisibisi."

Hakuna aliyesogea.

"Bisibisi iko wapi?"

"Droo ya pili," akasema Mzee Masjala.

"Nyundo basi."

"Siri."

"Mtaimbo!"

"Huyo ni mkubwa, yuko juu."

"Hata spana moja hukuacha nje? Hiyo niliyofungulia nati za tairi?"

"Uliirudisha mwenyewe. Nilikuambia kifaa kimoja kikitoka, kirudi ndipo kitoke kingine. Ukanisikiliza vizuri sana. Nilifurahi."

Mama Kahawa akaweka birika chini ili acheke vizuri. Redio tayari alikuwa anapiga picha. "Nchi nzima ingefungwa hivi," akasema, "kisingeibiwa kitu!"

Simu ya Mapema ikalia. Akaiangalia kama imemng'ata. Akatuonyesha ishara ya kunyamaza, akapokea kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika nati za tairi.

"Shikamoo mama... Ndiyo mama... Niko njiani. Niko karibu kabisa na hospitali, naona geti... Ni foleni tu, mama."

Redio, kwa wema wake, akapiga honi kwa mdomo mara mbili ili foleni isikike. Nusura nimeze kikombe.

Mapema akakata simu, akamwendea Mzee Masjala. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Mzee wangu, umekaa na makabati haya maisha yako yote. Hakuna siku ufunguo ulipotea?"

Mzee akaangalia juu, akaangalia chini. "Ulipotea."

"Mkafanyaje?"

"Ipo njia."

Sote tukasimama.

"Lakini hairuhusiwi."

"Nani haruhusu?" Injinia akapiga kelele.

"Ofisi."

"Ofisi ipi? Kabati ni langu! Nimelibeba mimi, limeniumiza mgongo mimi!"

"Basi wewe ndiye mkuu wa ofisi. Niagize."

"Nakuagiza."

"Kwa mdomo tu hivi?"

"Mzee Masjala!" Mama Kahawa akafoka. "Kuna mama wa watu amekaa hospitali na jicho moja! Wewe unataka muhuri?"

Sijui kama ni kelele za Mama Kahawa au uso wa Mapema. Huyu kijana alikuwa karibu kulia, na hakujificha. Mzee akamtazama, akavua koti lake, jambo ambalo hatujawahi kuliona, akalikunja vizuri akalilaza kwenye benchi.

"Jambo hili likiulizwa, sikuwepo," akasema. "Lilazeni kabati kinyumenyume kwenye ukuta. Kuna chuma kinapita chini kwa ndani. Kikisukumwa juu, kufuli linaachia. Tulikuwa tunafanya hivyo kila wiki."

"Kila wiki!" Redio akashangaa. "Na sisi tulikuwa tunaambiwa subirini mwenye ufunguo!"

"Mwenye ufunguo alikuwepo. Ila alikuwa hajamaliza chai."

Tukalishika wanne: mimi, Injinia, Redio na Mapema. Zito balaa! Tukaliburuta mpaka ukutani, tukaliegemeza, Mzee Masjala akapiga magoti, akaingiza mkono chini, ulimi nje kama mtoto anayeandika. Tukasikia *tik*. Kitufe kikachomoza.

Kijiwe kizima kikalipuka kwa shangwe. Mapema akamkumbatia mzee. Injinia akasema, "Rudisheni taratibu, wangu, taratibu," tukalisimamisha tena wima, tukaliachia, kila mtu akapangusa mikono.

Sakafu ya gereji ya Injinia ina mteremko, ili oili itiririke nje. Jambo hilo tulilijua wote na hakuna aliyelikumbuka. Droo ya juu, ile ya wakubwa, ikaanza kutoka yenyewe, polepole, bila kuguswa, na jiliwa na minyororo na mtaimbo vyote ndani.

"Izuie!" akapiga kelele Mama Kahawa.

Tulichozuia ni miguu yetu. Kabati likainama mbele, kwa adabu kabisa, likajitupa kifudifudi. Mshindo ulitoa vumbi hata kwenye dari. Lilipotulia, lilikuwa limelala juu ya droo zake zote nne, mgongo juu.

Tukajaribu kuliinua. Sasa hapakuwa na mahali pa kushika, na wakubwa wote walikuwa wamejikusanya upande mmoja. Halikutikisika.

"Msibabaike," Injinia akasema akihema. "Hii ni kazi ya jeki. Leteni jeki!"

Tukageuka wote kwa pamoja. Jeki ilikuwa pale pale, imesimama kiume, imebeba teksi ya Mapema isiyo na tairi.

"Ikitoka hiyo, gari linakaa chini," nikasema.

"Na isipotoka, vifaa havitoki," Injinia akasema.

"Tuunde kamati," akasema Mzee Masjala, akilivaa tena koti.

Hapo ndipo pikipiki iliposimama mlangoni. Nyuma ya dereva alikuwa amekaa mama mmoja mnyoofu, kitenge kimefungwa barabara, mfuko wa hospitali mapajani, jicho moja limezibwa kwa pamba na plasta. Lile jingine lilikuwa linafanya kazi ya yote mawili.

Mapema akakakamaa. "Sh... shikamoo mama."

"Marahaba. Si uliniambia uko karibu na hospitali?"

"Ndiyo, mama."

"Unaona geti?"

"Ndiyo... hapana, mama."

"Hospitali imehamia hapa?"

Redio akajifanya anatafuta kitu chini ya benchi. Mama mkwe akashuka, akatembea mpaka kwenye kabati lililolala, akalizunguka nusu, akasimama.

"Hili nini?"

"Kabati, mama," Injinia akajibu, mikono nyuma kama mwanafunzi. "La kuhifadhia vifaa visipotee."

"Vipo ndani?"

"Vyote, mama."

"Basi havijapotea." Akamgeukia Mapema. Huyu alikuwa amesimama na nati zake mkononi, mikono imejaa grisi mpaka kwenye viwiko. "Asubuhi binti yangu aliniambia gari liko kwa fundi huyu. Nikajua hapa ndipo nitakapokukuta. Ulikuwa huwezi kuniambia tairi limetolewa?"

"Niliogopa, mama."

"Uliniogopa mimi?"

"Ndiyo, mama. Ni mara ya kwanza umeniomba kitu. Nilitaka nikuletee gari zima."

Jicho lile moja lilimwangalia kwa muda, halafu likaangalia jeki, kabati, kisha sisi mmoja mmoja, na nakwambia nilitamani nirudi kibandani. Akamwambia dereva wa pikipiki asizime. Akapanda, akajiweka vizuri.

"Panda."

Mapema hakuelewa. "Nani, mimi?"

"Yupo mkwe wangu mwingine hapa?"

"Mama, nitapandaje? Mimi na wewe, tukae..."

"Mfuko utakaa katikati. Panda."

Akapanda. Mfuko wa hospitali ukawekwa katikati kwa heshima zote, na kwa sababu ya grisi akainua mikono yote miwili juu, asimchafue mama wa watu, kama aliyekamatwa na polisi. Pikipiki ikaanza kusogea. Mama mkwe akasema bila kugeuka, lakini sote tulisikia:

"Tukifika kwa binti yangu, wewe ndiye uliyenifuata. Usiongeze neno, utaharibu."

Wakakata kona. Injinia alijipangusa jicho na mkono wenye oili, akajipaka uso mzima. Redio alizima simu yake, wallahi niliona kwa macho yangu.

Mama Kahawa ndiye aliyeinuka kwanza. Akachukua kapu lake, akatunyooshea mkono.

"Haya, rudisheni vikombe vyangu, nihesabu vyote. Kabla hamjanihifadhia."