Kamanda Afundishwa Kubweka

Jumatatu, 3 Juni
Shemeji ametoa hukumu mezani, mdomo umejaa mkate: ikifika Jumamosi sina kazi, niondoke chumbani, cherehani ya dada iingie. Dada anapima ukuta kwa macho. Damu yangu mwenyewe! Lakini mimi si wa kubabaika. Nimeamua: nitakuwa mkufunzi wa wanyama. Sifa ninazo. Sijawahi kung'atwa.

Jumanne, 4 Juni
Nimepata mteja! Mama mwenye duka la dawa ana mbwa mkubwa kama ndama, anaitwa Kamanda, na habweki asilani. Wezi wamebeba ndoo, kamba za kuanikia na juzi bakuli la mbwa mwenyewe, Kamanda akiwaangalia tu. Nikamwambia mama hiyo kazi ndogo. Akasema Jumamosi atamjaribu, na akibweka, kazi ni yangu, pamoja na mbwa wote wa wakwe zake. Jirani yake, fundi seremala, akauliza nimesomea wapi. Nikamjibu kipaji hakisomewi. Akacheka mpaka misumari ikamtoka midomoni. Wivu tu.

Jumatano, 5 Juni
Somo la kwanza. Nilimbwekea Kamanda ili aige. Akanitazama kwa huruma. Wapita njia pia. Nikabadili mbinu: koti la kazi la shemeji, kitambaa usoni, maini mfukoni, nikaruka ukuta kama mwizi. Kamanda akatoa sauti. Huenda alipiga chafya, sitaki ubishi. Nikampa kipande. Suruali imechanika mahali ambapo siwezi kumwonyesha dada ashone.

Ijumaa, 7 Juni
Maajabu! Nikitokeza kichwa tu ukutani, Kamanda anabweka kama kapandwa na wazimu, mkia juu. Naruka, namlisha maini, namkuna tumbo. Nimemwalika shemeji kesho aje ajionee. Dada nimemwambia cherehani aisahau. Shemeji akauliza koti lake linanuka nini. Nikasema mafanikio.

Jumamosi, 8 Juni
Nimekwisha.
Mama alimwomba fundi seremala awe mwizi. Fundi akaruka ukuta. Kamanda akabweka! Tukapiga makofi, hata shemeji! Kisha mbwa akamkimbilia mwizi, akalala chali miguuni pake, akangoja kukunwa. Fundi, mshenzi yule, akamkuna. Akachukua redio ya mama barazani, akatoka nayo polepole, Kamanda akimsindikiza hadi getini. Nikamwita mbwa kwa ukali. Akarudi mbio, akaning'ata paja, penye mfuko wa maini.
Mama amesema zamani mbwa wake aliwaangalia tu wezi, sasa nimemfundisha kuwakaribisha. Shemeji mwenyewe alibeba godoro langu mpaka banda la kuku. Machozi yalinilenga, nikasingizia paja. Kusema kweli, niliona aibu hadi kwenye kucha.

Jumapili, 9 Juni
Nimeamkia bandani, manyoya mdomoni. Ndani ya nyumba cherehani inalia. Dada kaniletea chai na kopo la mahindi, akaniomba niwape kuku. Nikalitikisa kopo. Lo! Wote wakaja mbio, wakanizunguka, wakanitazama machoni. Hata jogoo! Na sikuwa nimewafundisha chochote!
Kumbe tatizo lilikuwa mbwa. Nimemtuma dada haraka kwa mama wa duka la dawa, amwambie amfukuze Kamanda: nimempatia kuku walinzi.