Nani Alipiga Dramu Jaribio la Tatu

Jumatatu, 4 Machi 1974

Habari kubwa, na kama kawaida imenifikia mimi wa mwisho. Mke wangu Verlene kaitoa kanisani. Rekodi za kwanza kabisa za Orville Gaskins zinatolewa upya! Zile santuri mbili ndogo za mwaka 1952, ambazo majalada yake hayakumtaja mtu ila Orville na piano yake, zitawekwa kwenye santuri moja kubwa, pamoja na majaribio yaliyotupwa, yaani kila mara wimbo uliporudiwa kabla haujakubalika. Na safari hii wapigaji wote watatajwa kwa majina. Mtayarishaji, Bwana Abelson wa New York, ameshafika kinyozini kwa Lucius Teagle kumuuliza habari za dramu. Kwa Lucius! Kwangu hajapiga hata hodi.

Ni kweli kwamba Lucius alipiga siku zote. Zote ila alasiri moja alipoumwa jino, wakaniita mimi, Thaddeus Purnell. Tulirekodi wimbo mmoja, nao wakautupa. Kwa nini waliutupa, sitaki kuandika. Miaka ishirini na miwili nauza viatu nikiwaambia wateja kwamba niliwahi kurekodi na Orville. Wanaitikia kwa kichwa, kisha wanaulizia soksi. Hata Verlene haamini, ila ana adabu ya kutosema mbele ya watu. Jina langu likae kwenye jalada moja tu, basi, sina ninalodai tena duniani. Nimempigia simu Abelson. Anakuja keshokutwa.

Jumatano, 6 Machi

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Panapopendeza, ni mimi. Panapoharibika, ni Lucius.

Abelson ni kijana wa miwani, mpole, amekula vipande vitatu vya samaki wa Verlene na kuomba cha nne. Kaweka mashine yake ya tepu juu ya meza. Hakuna aliyeandika nani yuko kwenye tepu ipi, kwa hiyo anategemea masikio ya sisi wazee. Akaanza na “Usingizi wa Ernestine”. Dramu zinapigwa kwa brashi badala ya fimbo, taratibu, tamu mno, na toazi linavuma ssss. Nikafumba macho. Nikamwambia huyo ni mimi, siku zile nilikuwa na mkono.

Kisha akaweka “Ngazi za Nyuma”, jaribio la tatu. Nililitambua kabla pigo la pili halijafika. Ndiyo alasiri yangu ile. Niliingia pigo moja mapema, wimbo mzima ukawa kichwa chini miguu juu, nami nikaona haya kujirekebisha, nikaenda nao hivyo hivyo mpaka mwisho. Fimbo ikanidondoka, inasikika wazi. Siku ile Orville alinitolea maneno yasiyosemeka mbele ya mama mzazi.

Nikatikisa kichwa kwa huzuni. Maskini Lucius, nikasema. Abelson akauliza kama nina hakika. Nikamjibu kwamba aibu kama ile ingekuwa yangu ningeikumbuka. Akaandika maelezo, nikatia sahihi kwa mwandiko wangu bora. Verlene alikuwa anakohoa jikoni, sijui kwa nini.

Ijumaa, 8 Machi

Siku njema sana. Nimejizoeza sahihi ya kuwawekea mashabiki, nyuma ya maboksi ya viatu. Nimemuuzia mama mmoja viatu vyote viwili vya kushoto. Si kitu.

Jumanne, 12 Machi

Nimekwisha.

Abelson kapiga simu dukani. Orville amezisikiliza tepu zote. Orville anasema “Ngazi za Nyuma”, jaribio la tatu, ndiyo rekodi kubwa kuliko zote alizowahi kupiga.

Dunia nzima inamjua Orville kwa ule mkono wa kushoto unaofika umechelewa, kama mtu aliyekosa basi. Wanafunzi wanauiga. Wasomi wanauandikia. Basi Orville anasema aliupata alasiri ile. Mpiga dramu aliingia vibaya, mkono wa kulia ukagoma kuhama, wa kushoto ukamfuata mpiga dramu, na tangu siku hiyo haujarudi. Santuri itaitwa kwa jina la wimbo huo. Mpiga dramu ataandikiwa aya nzima nyuma ya jalada. Na kwa ushahidi wako, Bwana Purnell, akasema Abelson, huyo ni Lucius Teagle. Tunakushukuru sana.

Nimekaa stoo juu ya maboksi mpaka meneja akaja kunitafuta.

Alhamisi, 14 Machi

Mpango mpya. Nimekwenda kinyozini kumshawishi Lucius akatae. Nikamwambia kwa upole kwamba jaribio lile ni fedheha, na shemasi mzima hawezi kuacha jina lake litajwe pale. Alikuwa anamnyoa mtu, hakugeuka. Akasema, “Ndugu Purnell, mimi sijawahi kuingia mapema hata kwenye sala. Nimeshamwambia Abelson si mimi.”

Kwa furaha nikakaa kwenye kiti aninyoe. Kosa. Ukutani ametundika toazi lake la zamani, lile alilolitoboa na kulitia misumari mitatu ili livume kama mafuta kwenye kikaango. Akaligonga kwa ukucha. Ssss. Akaniuliza kama nakumbuka mvumo huo unasikika kwenye wimbo gani. Nikasifia rangi ya ukuta.

“Umenivisha kosa lako,” akasema, “kisha umevaa brashi zangu. Kaa vizuri nisikukate sikio.” Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Nywele amekata fupi mno, nina hakika ni makusudi.

Jumapili, 17 Machi

Orville yuko mjini, kwa dada yake. Nimekwenda baada ya ibada na pai ya viazi vitamu ya Verlene, ambayo Verlene hakujua kwamba inatoka nyumbani. Nikaungama yote. Orville alicheka hadi akashika meza. “Thad, nilijua ni wewe tepu ilipoanza tu, nikadhani umeshamwambia Abelson. Nani mwingine akosee namna hiyo halafu ang’ang’anie mpaka mwisho?” Akaniuliza kwa nini nilikana. Nikamkatia kipande cha pai.

Akampigia Abelson nyumbani hapo hapo, Mungu ambariki. Abelson akajibu kwamba jalada lilikwenda kuchapwa Ijumaa. Lucius amekana, na toazi lenye misumari halisikiki. Purnell amekana, tena kwa sahihi. Abelson angefanya nini?

Nililia kidogo njiani. Sioni haya kuandika.

Jumamosi, 11 Mei

Santuri imefika. “Usingizi wa Ernestine”, dramu: Lucius Teagle. “Ngazi za Nyuma”, jaribio la tatu, dramu: hajulikani. Chini yake aya nzima ya kumsifu huyo asiyejulikana, ujasiri wake, namna alivyokataa kurudi kwenye mstari. Nimeisoma mara sita, nikamwonea wivu.

Verlene akaisikiliza mbele ya wageni wetu wa kanisani, Lucius akiwamo. Fimbo ilipodondoka akasimama. “Huyo ni mume wangu,” akasema. “Nimeishi na mdondoko huo miaka thelathini.” Lucius akaniwekea mkono begani, akaongeza kwamba nywele zimeota vizuri.

Jumatatu, 20 Mei

Barua kutoka kwa Abelson! Sasa anatayarisha rekodi za zamani za mpiga piano mwingine, Floyd Ransome, zilizofanywa mjini Camden mwaka 1954. Wapiga dramu hawajulikani. Kwenye nyimbo nne mpigaji anapotea kabisa, na kwenye wa tano anaangusha toazi na kiti chake. Anauliza kama kuna mzee yeyote anayekumbuka.

Mwaka huo nilikuwa nimeshauza dramu zangu. Camden sikuwahi kurekodi. Floyd Ransome simjui hata kwa sura.

Nimemjibu leo leo, kwa mwandiko wangu bora. Palipopigwa vizuri, nimemwandikia, ni mtu mwingine. Palipoharibika, pote, ni mimi. Nimetia sahihi.