Mnara wa Sori na Ufunguo wa Stoo ya Saruji

Jumatano, 6 Agosti 2025

Shemeji Rael atazikwa Jumamosi, hapa Sori. Apumzike. Watoto wake wote wako Marekani na karatasi zao haziwaruhusu kusafiri. Watatazama mazishi kwa simu, moja kwa moja. Wesley, kifungua mimba, amepiga kusema wanataka kujenga nyumba ya kudumu katika boma la mama yao. Watawasikiliza wazee wakihutubia, kisha watamchagua msimamizi. Msimamizi ndiye atakayeshika ufunguo wa stoo ya saruji.

Msimamizi ni mimi. Nani mwingine? Nilifundisha hadi kustaafu. Yupo binamu yangu Jacktone, ni kweli, lakini Jacktone huhutubia kama mtu anayeuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni. Priscah, mke wangu, amesema huyo anayeuza omena hurudi nyumbani na beseni tupu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimekunywa chai na Lorine, fundi wa mnara wa mtandao wa simu. Mnara wetu ni mdogo, wa jumuiya, unatumia nguvu za jua. Mimi ni katibu wa kamati yake, kwa sababu wengine wote waliogopa kuandika kumbukumbu za mikutano. Kwa hiyo neno la siri ninalo.

Lorine amenieleza kwamba simu zikijaa, mnara hauwezi kubeba kila kitu. Ndiyo maana kuna ukurasa wenye madaraja, unaofunguliwa kwa simu. Programu za daraja la kwanza hupita mbele. Za pili hungoja. Za tatu hufungiwa nje. Ujumbe na malipo viko la kwanza, video za mpira la tatu. Na katibu anaweza kubadilisha apendavyo, akiwa na sababu nzuri. Alitaka kuendelea na habari za betri. Nikamwambia betri ni kazi ya fundi, anywe chai yake.

Sababu nzuri ninayo.

Ijumaa, 8 Agosti

Mwili umefika kutoka Migori. Vilio, kisha chakula. Mpango umekamilika.

Nikihutubia mimi, nitafungia nje kila programu ya kila mtu wa Sori, isipokuwa matangazo ya mazishi. Njia nzima itakuwa yangu. Akisimama Jacktone, nitafungua kila kitu. Vijana wajae na mipira yao hadi mnara ukohoe. Wesley atamwona binamu yangu vipande vipande.

Jacktone amenikuta kwenye hema akaniuliza, omera, ndugu yangu, nasikia hotuba yako ni ndefu, tuwaletee watu magodoro? Hema lote likacheka. Na wacheke leo.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimehutubia. Kabla ya kusimama nilibonyeza ukurasa chini ya koti. Papo hapo vijana wakaanza kutikisa simu zao na kuziinua juu, kama watu wanaokinga mvua. Moyo wangu ukatulia. Nilieleza ukoo wetu tangu babu alipohamia ziwani. Upatanisho wa kisarufi haukuteleza hata mara moja. Tony, mpiga picha wa matangazo tuliyemtoa Suna, alinipungia mikono yote miwili. Nilidhani ananipongeza.

Akasimama Jacktone. Nikafungua kila kitu. Vijana wakashangilia, si kwa ajili yake, kwa ajili ya mpira. Alisema Rael alikuwa akimnyima ugali mpaka anawe mikono, hata alipokwisha kuota mvi. Akasema nyumba ya mama huyo itahitaji mlango mpana, wageni wasigongane. Basi. Kisha akalia. Sarufi ilikuwa ya kusikitisha. Watu wakalia pamoja naye, nadhani kwa sababu nyingine.

Jumapili, 10 Agosti

Fedheha. Wesley amepiga. Pole sana, baba mdogo, amesema. Ulipotaja babu tu, ukaganda mdomo wazi, tukangoja, mwishowe tukaenda kupika. Jacktone walimwona vizuri hadi machozi. Ufunguo amepewa yeye.

Nimemkabili Lorine. Mwalimu, amesema, si ndiyo nilitaka kukwambia siku ile ukaniambia ninywe chai? Mnara huangalia simu zinazoutumia. Zikiwa chache, hujizima nusu ili kulinda betri. Zikiwa nyingi, huamka wote. Ulipowafungia watu nje, mnara ulidhani Sori imehama. Nusu iliyobaki haikuweza kubeba video yako. Ulipofungua, mnara uliona umati, ukaamka mzima, na Jacktone akapita katikati ya umati huo.

Kisha akauliza, kwa adabu isiyotosha, akina mama wa samaki walioshindwa kupokea malipo hotuba nzima wataambiwa nini kwenye kamati. Nimemkumbusha kwamba ajenda huandikwa na katibu.

Nimelitafakari jambo hili kwa haki. Kosa ni la mnara. Hautambui mzee.

Jumanne, 19 Agosti

Msingi umemwagwa. Jacktone anatembea na ufunguo shingoni kama medali. Kila jioni hutuma Marekani picha za ujenzi, na Wesley humjibu kwa mioyo myekundu. Priscah anasema hata yeye ameziona, ni nzuri.

Nimeingia kwenye ukurasa kimya kimya. Picha zote, daraja la tatu, zimefungwa. Tuone hiyo mioyo.

Alhamisi, 28 Agosti

Mungu yupo. Ukuta wa upande wa ziwa umepinda! Nimepiga picha: ukuta, na Jacktone mbele yake akitafuna mahindi ya kuchoma. Picha hii ikimfikia Wesley, ufunguo ni wangu.

Nimeituma. Inazunguka tu. Nimepanda juu ya kichuguu. Inazunguka. Jirani zangu wameniuliza kama ninatafuta mbuzi. Kufikia jioni Jacktone mwenyewe ameugundua ukuta, ameubomoa, na unajengwa upya, umenyooka kama rula.

Nimemwambia Lorine mtandao wake ni wa ovyo. Picha moja tangu asubuhi! Ameniuliza, Mwalimu, nani alizifunga picha? Nimemjibu kwamba asibadilishe mada.

Nimeitisha kikao cha dharura cha kamati kesho, Lorine ajieleze. Ili Jacktone asiwahi kuwarubuni wajumbe kwa maneno yake matamu, nimefunga simu zote za kupiga na ujumbe pia. Nimeketi hapa na simu mkononi, nangojea wajumbe wathibitishe kwamba watahudhuria.